Komisyo ya Mashine ya Ngungu

Patroni, mwajiri wangu wa zamani, alipofariki mwezi uliopita, binti yake alinipigia simu akasema kwamba kati ya watu wote waliowahi kuuza mashine za baba yake, wamebaki wawili tu ambao simu zao bado zinaita: mimi na Bahati. Nilipanda gari kutoka Goma hadi Bweremana bila kujua kama naenda kulia au kutazama tu. Kilio kilikuwa katika ua wa nyuma ya depo yake ya zamani, karibu na ziwa, viti vya plastiki vimepangwa chini ya hema la bluu na akina mama wa mtaa wakikaanga sambaza, visamaki vya ziwani, kwa ajili ya wageni. Watu walisimama mmoja mmoja kusema wema wake, na wema alikuwa nao. Alisomesha watoto wasiokuwa wake. Alikopesha mbao za majeneza na hakuwahi kuzidai. Bahati alikuja akaketi kando yangu. Nilikuwa sijamwona tangu mwaka wa kesi yangu na Patroni. Ndevu zake zimekuwa nyeupe. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya mtu anayesifu, "Dada Sifa, weye njo muntu mumoja tu alimushindaka Patroni mbele ya juge." Waliokaa karibu walitabasamu kidogo, kwa kadiri msiba unavyoruhusu. Mimi nilitazama sambaza zangu. Miaka yote hii wanaonifahamu wameisimulia kesi ile hivyohivyo, kama ushindi wa msichana maskini juu ya tajiri mbele ya hakimu, nami nimewaacha waisimulie. Nilidai haki yangu, na haki yangu nilipewa, hilo ni kweli. Lakini mbele ya Bahati, ambaye alikuwepo mahakamani siku ile na kusikia yote, sikuweza kuitikia. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule mmoja kabla simu yangu nayo haijaacha kuita.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimemfanyia Patroni kazi miaka mitatu. Depo kubwa ilikuwa Bweremana, lakini mimi na Bahati tuliwekwa kwenye tawi la Walikale, katika nyumba ya mbao yenye bati jekundu pembeni ya barabara iendayo Kisangani. Mbele ilikuwa duka, kati ilikuwa stoo ya mashine za kusaga, nyuma kulikuwa na vyumba viwili. Changu kilitenganishwa na stoo kwa ukuta wa mbao zilizokauka na kuachana, hata harufu ya mazutu, dizeli ya mashine, na grisi ililala nami kitandani. Mvua ya Walikale ikipiga bati husikii mtu anayekuita mlangoni, na ikinyamaza ghafla unasikia hata jirani akimeza mate. Tulikula pamoja, mimi, Bahati na mke wake, kwenye meza fupi chini ya baraza: bugali na sombe ya majani ya muhogo siku nyingi, samaki wa chumvi wa makayabu siku ya mshahara, na lituma ya ndizi za kuponda mama wa jirani alipotukumbuka. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo wa kununulia sabuni na chumvi. Tulichokifanyia kazi ni komisyo, yaani sehemu ya bei ya kila mashine uliyoiuza, na kontra, mkataba wetu, ilisema kwamba italipwa mteja akimaliza kulipa. Wateja walilipa kidogo kidogo kwa miezi kumi au kumi na miwili. Kwa hiyo komisyo ya mashine uliyoiuza leo ulikuwa unaiota mwaka mzima.

Patroni mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuuza. Alikuja kila baada ya miezi miwili na lori lake, akala nasi, akamsifu mke wa Bahati kwa sombe yake, kisha akatuketisha kama mwalimu wa katekisimu. Alisema mkulima hanunui mashine, ananunua usingizi. Anataka kujua kwamba ikiharibika hatabaki peke yake na chuma. "Kwa mudomo mupe usingizi," alisema. "Kwa karatasi usiandike kitu." Nilicheka siku ile. Nilidhani ni ucheshi wa tajiri. Nilipopanda milima ya Masisi kuuza, nilijikuta nasema maneno yake kwa sauti yangu, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilijua kuketi na akina mama, nilijua kumenya viazi nao huku naongea, na nilijua kunyamaza wanapoanza kuangaliana.

Mashine kubwa kuliko zote niliiuza Ngungu, kwa kikundi cha akina mama wanaolima maharagi na mahindi kule juu. Aliyekuwa prezida wa kikundi, yaani mwenyekiti, ni Mama Maombi, mjane wa makamo, mrefu, mwenye tabia ya kurudia maneno yako kabla ya kuyajibu, kama anayeyapima kwa mkono. Nilifika siku ya soko, matope yamefika magotini. Walinipikia maharagi na viazi, wakanipa maziwa, wakanionyesha vinu vyao vya kutwangia na mikono yao. Tulizungumza mpaka jua likashuka. Walikuwa na pesa za kuanzia, lakini waliogopa. Mama Maombi aliuliza mara moja tu, kwa upole, itakuwaje mashine ikifa nao hawajamaliza deni. Nilimjibu kwamba ikiharibika kabla ya mwaka kwisha, waniite, nami nitakuja mwenyewe na fundi, na hawatalipa kitu. Aliyarudia maneno yangu yote, moja baada ya jingine. Kisha akawageukia wenzake akasema kwamba basi inawezekana. Mwekahazina akafungua kitambaa cha pesa, nikaandika risiti ya malipo ya kwanza, nikaweka sahihi. Nilishuka mlima ule nikiimba.

Miezi minne baadaye nilipata kazi nyingine. Kituo cha afya cha kanisa, pale pale Walikale, kilitafuta mtu wa kutunza ghala la dawa, mshahara wa kila mwezi, usiongojea mtu mwingine amalize deni lake. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilimwandikia Patroni barua ya kuacha kazi kama kontra ilivyotaka, nikamaliza mwezi wa taarifa, nikamkabidhi Bahati funguo. Wakati huo nilikuwa na mashine tano ambazo wateja walikuwa bado wanalipa. Patroni alipokuja nilimkumbusha komisyo zangu. Alinimiminia chai mwenyewe. Akaniambia bila hasira kwamba kwao, anayeacha shamba mbele ya mavuno haulizi maharagi. Nilimjibu kwamba aliyepanda anajulikana. Akatikisa kichwa kama baba anayemsikiliza mtoto, akaongeza sukari katika kikombe changu, na mazungumzo yakaisha hapo. Leo nikimkumbuka naona kwamba hakuwa anaiba kwa macho yake mwenyewe. Aliamini kabisa kwamba anayeondoka huondoka na miguu yake tu. Wote waliomwacha kabla yangu waliondoka hivyo, na hakuna aliyefungua mdomo.

Kodi ya chumba ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, hivyo niliendelea kulala pale huku nikifanya kazi kituoni. Alasiri moja nilirudi mapema, mvua ikiwa kali. Nilijilaza. Mvua ikanyamaza kama inavyonyamaza kule, mara moja, na nyuma ya mbao nikamsikia Patroni akimwambia Bahati afungue karne, lile daftari la mauzo, na kuandika jina lake kwenye zile mashine tano. Bahati akasema, "Patroni, Ngungu mimi sikufikaka." Na Patroni akajibu, "Karatasi haiulize kama ulifika." Nilisikia kalamu. Nilisikia pia mke wa Bahati barazani akimbembeleza mtoto wao mchanga, aliyezaliwa wiki mbili kabla. Sikutoka. Asubuhi nilihamisha godoro langu na sufuria zangu, na tangu siku hiyo nilimpita Bahati barabarani kama mti. Nilimchukia kwa moyo wote. Nilikuwa na raha ya mtu anayejua kwamba yeye ni safi.

Nilipeleka madai yangu kwa mkaguzi wa kazi wa serikali, mzee mwenye subira, ofisi yake chumba kimoja chenye kabati lisilofunga. Alituita mimi na Patroni mara mbili tupatane. Patroni alileta karne: mashine tano, jina la Bahati. Mimi nilileta maneno. Mkaguzi aliandika kwamba hatukupatana, akaniambia njia iliyobaki ni mahakama, na akanitajia mtetezi anayeweza kunisaidia bila kunidai mbele. Huyo alikuwa Papa Kalinda, mtu mfupi, koti moja, kikohozi kisichopona. Tulikubaliana atachukua sehemu ya nitakachopata. Akanieleza kesi kwa maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu yalinipendeza: swali si nani alikuwepo siku mteja alipomaliza kulipa, swali ni nani alimfanya mteja akubali kununua. Tukionyesha hilo, kuacha kazi hakufuti kitu. Basi akasema, leta wanunuzi.

Niliwaendea wote wanne wa Walikale. Walinikaribisha, walinipa viti, mmoja alinichinjia kuku. Lakini vipuri vyao vilitoka kwa Patroni, na kwa mkopo. Walisema Mungu atanisaidia. Ilibaki Ngungu. Nilisita wiki nzima, nikijiambia kwamba ni mbali. Ilikuwa mbali kweli: pikipiki hadi Masisi, siku mbili kwenye matope na vizuizi vya kulipia, lori la maharagi hadi Sake, kisha kandokando ya ziwa na kupanda tena. Lakini umbali haukuwa sababu. Nilikuwa nimebadilisha namba ya simu nilipoacha kazi, kwa sababu wateja waliniita bila kukoma, na sikutaka kujua nani alikuwa ameita.

Niliikuta mashine kwenye kibanda chake, imefunikwa shiti kwa uangalifu kama maiti. Pampu ya mafuta ilikuwa imekufa mwezi wa sita tangu wainunue. Chini ya shiti kuku alikuwa ametagia katika mdomo wa kumiminia mahindi, na hakuna aliyemfukuza. Vinu vya kutwangia vilikuwa vimerudi uani. Na walikuwa bado wanalipa, kila mwezi, kwa mtu wa Patroni anayepita sokoni, kwa sababu waliogopa kunyang'anywa mashine kabla ya siku nitakayokuja na fundi. Mama Maombi alinipokea bila kunilaumu. Alisema tu kwamba walikuwa wanaita, na simu haikuwa inaita, wakadhani pengine nimekufa. Alinipikia. Nilikula maharagi yale nikiwa nimeinamisha kichwa, nikamweleza kesi yangu yote, nikaeleza kwamba nisiposhinda sina cha kufanya, kwamba nikishinda nitaweza kushughulikia pampu. Hilo la mwisho nililisema haraka, kama unavyomtupia mbwa mfupa. Alirudia maneno yangu. Kisha akasema, "Tutakuja. Weye njo uliuzisha. Iko kweli, na kweli tutaisema." Nilimwachia nusu ya nauli, nusu nyingine wakaitoa kwenye likirimba yao, ile pesa wanayochangiana kwa zamu.

Walifika Walikale, yeye na mwekahazina, siku moja kabla ya kesi, miguu imevimba, vitenge vimekauka kwa matope. Niliwalaza kwenye godoro langu, mimi nikalala kwenye mkeka. Asubuhi, wakati wakinywa chai uani, Papa Kalinda alinivuta kando. Alikuwa ameongea nao. Akaniuliza kwa nini sikumwambia habari ya ahadi ya fundi. Nikamwambia nilidhani haihusu. Akakohoa muda mrefu. Akanifafanulia kwamba ahadi ile haimo katika kontra, na Patroni akiishika atasema nilifanya kosa kubwa kazini, niliifunga nyumba yake ya biashara kwa deni ambalo hakuliruhusu, na hakimu anaweza kukata gharama ya pampu kwenye komisyo zangu au kuzikataa zote. Nilipomwambia kwamba ni Patroni aliyetufundisha, aliuliza imeandikwa wapi. "Wakikuuliza, usiseme hapana," akanishauri. "Hapana ni uongo. Sema haukumbuki. Kutokumbuka si zambi."

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Benchi sita za mbao, meza yenye kitambaa cha kijani, karani anayeandika kwa mkono na kumwomba kila mtu aseme polepole. Bahati aliitwa kwanza, shahidi wa Patroni. Aliapa. Hakimu alimwonyesha karne, akamuuliza kama ni mwandiko wake, akasema ndiyo. Akamuuliza kama ndiye aliyeuza. Bahati alitazama meza. Hakimu, mama mwenye miwani aliyekuwa hana haraka, akabadilisha swali, akauliza kama aliwahi kufika Ngungu. Niliona shati la Bahati likiloa mgongoni. "Hapana, Mama Juge," akasema. "Niliandika kwa sababu niliambiwa kuandika." Patroni hakusogea hata kidole. Jioni hiyo Bahati alifukuzwa kazi, na mke wake na mtoto walihamia kwa shemeji. Mimi sikufikiri habari yake hata kidogo. Nilifikiri tu kwamba nimeshinda nusu.

Kisha wakamwita Mama Maombi. Alisimama wima, mikono imeshika mfuko wa plastiki wenye risiti. Hakimu alimuuliza ni nani aliyewauzia mashine. "Ni huyu," akasema akinielekezea uso, si kidole. "Alikuja siku ya soko. Alikula kwetu. Alituambia asema mashini ikiaribika mbele ya mwaka kuisha, tumuite, atakuja yeye mwenyewe na fundi, na hatutalipa kitu. Bila ile neno hatungenunua. Iliaribika mwezi ya sita. Tuliita, simu haikuita." Alisema yote hayo bila uchungu, kama anayetoa ushuhuda kanisani, na aliamini ananisaidia. Alikuwa amekuja siku nne kusema kweli, na kwake kweli ilikuwa kitu kimoja kizima, huwezi kuikata kipande cha kuniletea mimi na kuacha kingine nyumbani.

Mtetezi wa Patroni alikuwa amesimama kabla hajamaliza. Akauliza ni nani aliyeruhusu ahadi hiyo. Hakimu akamnyamazisha, akamuuliza Patroni mwenyewe kama nyumba yake hutoa ahadi za namna hiyo. Patroni alisema kamwe, kontra isomwe, hakuna neno kama hilo. Kisha hakimu akanigeukia mimi. Aliniuliza kama nilitoa ahadi hiyo. Nilikuwa natazama mfuko wa plastiki mikononi mwa Mama Maombi. Nilikuwa nakumbuka kila kitu, hata viazi nilivyokuwa namenya. "Sikumbuki," nikasema. Karani akaomba nirudie polepole, nikarudia. Ilikuwa mara ya kwanza katika kesi nzima mimi na Patroni kuwa upande mmoja. Hakimu akamwuliza Mama Maombi kama ana hakika. Alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyetia mkono kabatini kuchukua kitu anachojua kipo, akakuta hakuna. Midomo yake ilisogea, nadhani alikuwa anayarudia maneno yangu ya siku ile, anayapima tena. "Mimi nilisikia vile," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, akaketi.

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Wao walikuwa wamekwisha kurudi. Niliwasindikiza hadi kwenye pikipiki na hatukusemezana juu ya jambo lile, mwekahazina hakunipa mkono. Hakimu alisema kazi ya kuuza iliisha siku mnunuzi alipokubali na kutoa pesa ya kwanza, na kwamba aliyeondoka baada ya hapo hapotezi alichokichuma. Patroni alitakiwa kunilipa komisyo za mashine zote tano. Kuhusu ahadi ya fundi, hukumu ilisema haikuthibitishwa, maana pande zote mbili hazikuikubali. Papa Kalinda alinishika bega kwa furaha. Neno lile la mwisho sikulitilia maanani mpaka nilipopata habari kutoka Ngungu kwamba mtu wa Patroni alipita sokoni na nakala ya hukumu, akawaonyesha akina mama mstari ule, na wakalipa miezi miwili iliyobaki bila kubisha.

Patroni alinilipa mbele ya karani, noti mpya, zote kwa mara moja. Alinitakia heri katika kazi yangu, na alimaanisha. Nilinunua godoro jipya, kitanda, na viatu vya ngozi. Zilizobaki niliziweka ndani ya kopo la maziwa. Nilikaa nazo miezi mitatu. Ningependa kuandika kwamba sikulala, lakini nililala, godoro lilikuwa zuri. Watu kituoni waliniita avoka, yaani wakili, kwa utani, nami nilifurahi. Kilichonisumbua kilikuwa kidogo tu. Ua wa kituo ulikuwa na jiko la jamaa za wagonjwa, na kila asubuhi nikifungua ghala nilisikia akina mama wakitwanga. Siku za kwanza ilikuwa sauti kama nyingine. Baadaye nilianza kuhesabu mapigo. Baadaye nikaanza kufunga dirisha. Siku niliyomkaripia mama mmoja aliyekuwa anamtwangia mwanawe mgonjwa, nikamwambia aende atwange mbali, alinitazama na kuniomba radhi, na jioni hiyo nilimwomba ruhusa msimamizi wangu.

Nilipata fundi Bweremana, mtu wa kuaminika aliyekataa kupokea pesa kabla ya kuona kazi. Pampu tuliiagiza kutoka mjini, tukaifunga katika gunia, tukapanda nayo Ngungu mwishoni mwa mwaka ule, wakati wa mavuno ya mahindi. Aliyetupokea kibandani alikuwa mama mwingine, mnene, mwenye kutoa amri, ambaye nilimkumbuka kwa shida. Nilidhani Mama Maombi yuko shambani. Fundi alifanya kazi kutwa nzima. Mwekahazina alipokea bahasha niliyomletea, ile miezi waliyolipa bure, akaandika risiti bila kuinua uso. Mashine ilipokohoa mara ya kwanza watoto walikimbia, ilipokohoa mara ya pili ikashika, na moshi ukajaa kibandani. Akina mama walikuja mbio na mabeseni, wakapiga vigelegele, wakanishika mikono, wakanipaka unga usoni. Nilicheka nao. Kwa muda wa dakika chache nilidhani kwamba mambo yamekwisha.

Kisha nikamwona Mama Maombi amesimama kando ya ukuta, amekonda, beseni lake la mahindi ya manjano chini ya miguu. Nilimwendea nikiwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi tangu Walikale. Hakuyangoja. Alinishika mkono, akanisogeza mbali kidogo na kelele za mashine ili anisikie vizuri.

"Ile siku kwa juge," akasema. "Ulisahau kweli, ao ulikuwa unakumbuka?"

Nilimwambia kwamba nilikuwa nakumbuka. Nikamwambia maneno yenyewe, yote, kama alivyoyasema mahakamani.

Aliyasikiliza mpaka mwisho, midomo ikisogea pamoja na yangu. Akashusha pumzi ndefu, akafuta unga kwenye shavu langu kwa ncha ya kitenge chake.

"Aksanti," akasema. "Tangu ile siku nilikuwa nawaza ni akili yangu njo inaanza kupotea. Niliogopa kupoteza vintu ya bantu. Nikabaambia batafute prezida mwingine."

Yule mama mnene, prezida mpya, alikuwa anaita zamu kutoka kibandani, akitaja majina kwa sauti. Mama Maombi akainama, akainua beseni lake, akaenda kusimama mwisho wa mstari, kama alivyoelekezwa.